Chuo Alichokitaja Mwisho

Mjukuu wangu alipokaribia kumaliza kidato cha nne alipewa nafasi tano za kujaza, kuanzia juu kwenda chini, kila moja na chuo chake na kozi yake. Alizijaza akiwa bado shuleni Kibiti, kabla ya mtihani. Matokeo yalipotoka akiwa na divisheni ya pili, kila mtu hapa kisiwani akaanza kuniuliza mtoto anakwenda kusomea nini. Niliwajibu bila kusita kwamba anakwenda kusomea kaa. Nilikuwa na hakika. Na nilikuwa nimekosea, ingawa mtoto nilikuwa nimemsikia vizuri kabisa.

Mtoto huyu nimemlea mimi tangu akiwa na miaka minne, mama yake alipokwenda kuolewa Mafia. Baba yake ni mwanangu wa kuzaa, nyumba yake iko nyuma ya yangu, ila ni mtu wa kushinda majini, hawezi kumsimamia mtoto kula na kuoga. Kwa hiyo tabia za mtoto ni zangu. Akiwa mzuri ni mimi, akiwa na ila ni mimi pia, na sikatai.

Kwetu mtoto haanzi kwa kutaja anachokitaka. Ukimuuliza nikuletee nini kutoka Nyamisati, boti linakofikia ng'ambo, atasema sabuni ya nyumbani imekwisha. Kisha atasema daftari. Kisha, sauti ikiwa imeshuka mpaka uinamishe kichwa, atasema na viatu kama vipo. Mkubwa aliyelelewa vizuri anasikiliza mpaka mwisho, na anajua kwamba hivyo viatu ndivyo vilivyomleta mtoto mlangoni. Anayeanza na viatu tunasema hana haya. Kwenye sinia ni hivyo hivyo, mtoto anakula mbele yake, na kipande cha katikati anakifikia akisukumiwa na mkubwa.

Mimi mwenyewe niliolewa kwa mtindo huo. Bibi yangu aliniita akaniambia wamekuja watu watatu, nami nina maoni gani. Nikasema yule mwenye duka ni mtu wa watu. Nikasema mpwa wa mwalimu wa madrasa ana elimu yake. Halafu nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikasema na yule mkata mikoko naye yupo. Bibi akasema, "Haya, nimesikia." Wiki iliyofuata mahari ya mkata mikoko ikapokelewa, na nilikaa naye miaka thelathini na sita mpaka Mungu alipomchukua. Yule wa duka alipoambiwa kwamba nilimtaja wa kwanza, akaelewa, akaenda kuoa Mbuchi.

Basi likizo ya mwisho kabla ya mtihani mtoto alikuja nyumbani, akakaa kibarazani na kututajia vyuo alivyojaza. Mimi nilikuwa napepeta mchele, baba yake alikuwa anaunga fito za kizimba. Akasema kuna uuguzi, chuo cha huko kusini. Kuna uuguzi tena, chuo kingine cha mbali zaidi. Kuna ualimu. Kuna mambo ya uhasibu. Akaokota punje iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo. "Na kimoja kipo," akasema, "cha ufugaji wa viumbe wa majini. Samaki, kamba, na kaa."

Nilisikia. Nilifurahi, lakini sikumwonyesha, maana mtoto akiona umefurahi mapema anavimba kichwa. Nikamwambia asome, mtihani hauchagui mtu wa chuo gani.

Sikushangaa, kwa sababu nilikuwa nimemwona. Kaa kwetu ndiyo kazi. Wanunuzi hawamtaki kaa mwepesi asiyejaa nyama, kwa hiyo mwanangu anawanunua wale wepesi kwa wavuvi, anawaweka kwenye vizimba vya fito kwenye matope ya mikoko, anawalisha mabaki ya samaki mpaka wawe wazito, ndipo anawauza. Mwaka wa mafuriko makubwa kaa wa vizimba vitatu walikufa ndani ya wiki moja. Wanaume walikaa wakazungumza habari ya jicho la mtu. Mtoto huyu, naye alikuwa nyumbani likizo, aliteremka mkondoni maji yalipojaa, akachota kwa kiganja, akaonja. Akapanda, akasema maji yamekosa chumvi. Akaenda kuonja vizimba vya upande wa baharini, akasema huku chumvi ipo. Vizimba vya huko vilikuwa vizima. Baba yake akahamisha vilivyobaki, na jicho la mtu likaacha kuua.

Tangu siku hiyo akawa na daftari. Anaandika maji yamejaa mpaka wapi, kaa wangapi wamejivua magamba, wangapi wameliwa na wenzao. Hakuna aliyemtuma.

Ndiyo maana nilitembea kifua mbele nikiwaambia watu anakwenda kusomea kaa.

Jumatatu moja baada ya matokeo nilikwenda Kibiti kupimwa macho. Nilipomaliza nikapita shuleni kwao kumshukuru mwalimu aliyekuwa anawasimamia kwenye mambo ya vyuo, mama mmoja wa kutoka bara, mwenye sauti kubwa na moyo mzuri. Alinipa kiti, akaniamkia, akaniambia hongera, tumepata muuguzi.

Nikamwambia, "Hapana mwalimu. Sisi tumepata mtu wa kaa."

Akafungua daftari lake, akaweka kidole. Akanisomea uuguzi namba moja, uuguzi namba mbili, ualimu namba tatu, uhasibu namba nne, kaa namba tano.

"Ndiyo," nikasema. "Kaa kawaweka mwisho."

"Bibi, cha mwisho maana yake ndicho asichokitaka sana."

"Cha mwisho maana yake ndicho anachokitaka."

Tukatazamana. Alidhani nimechanganyikiwa kwa dawa za macho, nami nilidhani ni mgeni hajui watoto wa watu. Kisha akanieleza taratibu, bila dharau, namna mambo yanavyokwenda. Kompyuta inaanza juu. Ikikuta alama za mtoto zinatosha chuo cha kwanza, na nafasi ipo, inamweka hapo na kazi imekwisha. Cha pili haikitazami. Cha tano ndiyo kabisa. Na mjukuu wangu, kwa alama zake za Baiolojia na Kemia, uuguzi wa namba moja ulikuwa unamtosha vizuri sana.

Nami nikamweleza ya kwetu. Nikamweleza viatu, nikamweleza sinia, na yule wa duka nikamweleza pia. Alianza kwa kucheka. Halafu akaacha, akaanza kufunua kurasa za daftari lake akitafuta watoto wa visiwani. Akasema kulikuwa na kijana mmoja aliyekuja ofisini mara tatu kuulizia chuo cha ufundi wa injini za boti, kisha akakiandika namba nne. Akasema kuna msichana mwingine, wa ushonaji, namba tano. "Nilidhani wamebadili mawazo," akasema. "Nilijiambia watoto wa huku hawajui wanachokitaka."

Nikamwambia wanajua, ila wanasubiri kuulizwa tena.

Mfumo wa kubadili machaguo ulikuwa unafungwa Ijumaa. Mwalimu akaniahidi kuwapigia simu wazazi wa wale wengine. Habari ya mjukuu wangu nikaichukua mwenyewe nikaenda nayo nyumbani.

Sikujilaumu sana njiani, na nasema hivyo wazi kwa sababu wengine wanapenda bibi akosee kisha alie. Malezi yale ni mazuri na bado nayashika. Mtoto anayejua kungoja hakosani na watu. Lakini ile kompyuta sikuilea mimi, wala haikuketi kwenye sinia na mtu. Ukienda kwenye mlango wa wenyewe unabisha hodi kwa namna yao. Hilo ndilo sikumfundisha, na nilikuwa na siku nne za kulifundisha.

Jumanne nilifika nyumbani na maji ya mchana. Nilianza na mwanangu, kwa sababu yeye ndiye baba, na sipendi mambo ya kumzunguka mtu. Nilimkuta anapanga fito. Nikamweleza habari ya mwalimu na kompyuta, nikamwambia Alhamisi mimi na mtoto tunakwenda Kibiti kupandisha kaa juu.

Hakushangaa. Hilo ndilo lililonishtua. Aliendelea na fito zake, kisha akasema uuguzi ni kazi ya heshima, zahanati haina mtu, na mtoto akivaa nguo nyeupe atamsaidia kila mama wa kisiwa hiki. Maneno mazuri, siyapingi. Akaongeza kwamba kaa tunao, na yeye anawafuga bila cheti.

"Unawafuga," nikamwambia. "Na walipokufa ukasema ni jicho la mtu."

Akatabasamu upande. "Mama, hiyo utaniambia mpaka nife."

"Siku ile kibarazani, alipotaja vyuo, ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Mpaka mwisho?"

Aliweka fito chini. "Mama, mimi nimelelewa na wewe."

Kwa hiyo alijua. Alijua mtoto anataka nini toka siku ile. Na alijua jambo jingine nisilolijua mimi, kwamba karatasi inasomwa kutoka juu, kwa maana alikuwa ameshauliza watu Nyamisati. Akaona mambo yamekaa alivyopenda yeye, bila kugombana na mtu, akayaacha yakae.

Nimewahi kumkasirikia mwanangu kwa mengi, ulevi wa ujana, kuvunja mtumbwi wa watu, lakini hilo liliniuma zaidi. Nilimwambia kwamba kumkatalia mtoto ni haki yake, ni baba. Lakini kumsikia, kisha kujifanya hukumsikia, kisha kumwachia karatasi imkatalie kwa niaba yako, hiyo si kazi ya baba. Nikamwambia pia sitamsemea mtoto. Atakuja mwenyewe, na yeye atamjibu uso kwa uso.

 Aliokota fito yake.

Jumatano asubuhi maji yakiwa yamekupwa niliteremka na mjukuu wangu kwenye vizimba. Mimi nilikaa kwenye gogo, yeye alikuwa kwenye matope mpaka magotini na ndoo ya vichwa vya samaki. Nikamweleza kompyuta inavyosoma. Alisimama na kichwa cha samaki mkononi.

"Kumbe," akasema. Halafu akasema, "Bibi, lakini yote sawa tu."

Nikamwambia jibu hilo ni la kuwapa wageni. Nikamwambia kama moyo wake uko kwenye uuguzi aseme, na mimi nitapanda nyumbani kulala, sina shida, wauguzi wanahitajika. Lakini aseme yeye, na asinitajie vitu vitano. Kimoja.

Alilisha kwanza kizimba kizima. Nilimwacha. Kumsukuma mtoto ninajua, na kumwacha pia ninajua. Alipofika kizimba cha pili akaanza kuzungumza akiwa amenipa mgongo. Akasema uuguzi hauchukii. Wenzake wote waliandika uuguzi, mwalimu aliusifu, na yeye akaona kuanza na kaa mbele ya watu ni kama kujitapa kwamba kazi ya baba yake ni kubwa kuliko ya wengine. Akasema pia kwamba aliogopa watamcheka, umetoka matopeni unasoma ili urudi matopeni.

"Na watacheka," nikasema. "Endelea."

"Nikisoma habari za wagonjwa, nasoma tu. Nikisoma habari za kaa, nabishana na kitabu."

Hapo nikajua sina haja ya kuuliza tena. Nikamwambia aoshe mikono, aende kwa baba yake amwambie, na aanze na hilo.

"Kabla ya kumwamkia?"

"Usinichezee. Umwamkie, kisha hilo, kabla ya kitu kingine chochote."

Baba yake alikuwa gatini, pale tunapopakia, anafunga kaa makucha kwa kamba tayari kwa mnunuzi. Nilikaa mbali kidogo, kwenye gunia la fito, nikijifanya napumzika. Mtoto alisimama mbele yake, mikono imelowa.

"Shikamoo baba. Nataka kusomea kaa. Nataka kiwe cha kwanza."

"Marahaba," akasema baba yake, na akaendelea kufunga. "Na uuguzi?"

"Uuguzi namba mbili. Nikichaguliwa huko nitakwenda na nitasoma kwa moyo. Ila cha kwanza ni kaa."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Nilisema, baba. Nilikisema mwisho."

Mwanangu alikuwa ameshika kaa dume mkubwa. Alimfunga, kisha akamzungushia kamba mara ya pili bila haja yoyote, kaa amekwisha fungwa. Aliinua macho akanitazama mimi, si mtoto. Mimi nikatazama maji.

"Nilikusikia," akamwambia mwanawe. "Siku ile nilikusikia."

Hakuomba radhi, kwetu baba haombi radhi kwa mtoto gatini mbele ya watu. Lakini lile lilikuwa limetoka kinywani mwake, na mtoto alilipokea kama linavyopaswa kupokelewa, akainamisha kichwa. Kisha baba akauliza habari ya ualimu. Mtoto akasema anautoa. Hapo uso wa mwanangu uliingia kivuli, kwa sababu ualimu ndio aliokuwa anauota yeye alipokuwa darasa la saba akakosa nafasi. Akauliza, "Unautoa kabisa?" Akajibiwa kabisa.

Akatupa kaa kwenye tenga. "Kesho boti linaondoka na maji ya saa ngapi?" akaniuliza. Nikamtajia saa. Akasema tusichelewe.

Alhamisi tulifika Kibiti jua limeshapanda. Tulikwenda kwenye duka la steshenari ambalo watoto wote wanalitumia, mwenye kompyuta ni mwanamke wa makamo, mkali kama mimi, nikampenda. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipokaribia umeme ukakatika. Watoto wakaanza kupiga kelele, wazazi wakaanza kulaumu. Yule mwanamke akawaambia umeme haulaumiwi ukarudi, wanaotaka kungoja wangoje, wanaotaka kulaumu wakalaumie nje. Tukangoja. Nilikuwa nimebeba mkate wa kumimina, tukala. Sikuwa na wasiwasi. Kesho yake ilikuwa bado ipo, na nilishaamua kwamba ikibidi tutalala hapo hapo barazani.

Umeme ulirudi alasiri. Mtoto akaingiza namba yake ya mtihani na nywila yake, ukurasa ukafunguka, na ile orodha yake ikaonekana, uuguzi juu kabisa umekaa kama bibi harusi.

Yule mwanamke alipoelezwa tunataka kubadili nini, alitushauri, na ushauri wake haukuwa wa kijinga. Alisema uuguzi unagombewa. Mtu akiushusha namba mbili, wale walioweka namba moja wanaweza kujaza nafasi, na akikosa kile cha kaa pia, atajikuta hana hiki wala kile. Akasema wazazi wengi wanaweka juu kile cha uhakika. "Sasa hivi mkono wenu umeshika ndege, mama," akaniambia. "Mnamwachia?"

Mjukuu wangu akanigeukia. Uso wake ulikuwa umeanza kurudi kule kwa yote sawa. "Bibi, tukikosa vyote?"

Nikamwambia tukikosa tutaomba tena mwakani, na kaa wa kulisha wapo. Nikamwambia ameshamwambia baba yake, na baba yake hakufa. Hii mashine ni nani?

Yule mwanamke akacheka, akaweka vidole tayari. "Haya binti. Cha kwanza?"

"Ufugaji wa viumbe wa majini," akasema mjukuu wangu, na hakushusha sauti. Watu wawili nyuma yetu waliinua vichwa. Kijana mmoja akasema, dada anakwenda kusomea kitoweo. Mjukuu wangu akamjibu bila kumtazama kwamba yeye akija kula asisahau kulipa. Nikaona sawa, huyu yuko tayari.

Cha pili akaweka uuguzi wa kusini, kama alivyomwahidi baba yake. Kisha tukakwama, kwa kuwa nafasi zilikuwa tano na mashine haikubali uache wazi. Hapo ndipo nilipomwambia kanuni yangu, na nimeshawaambia wazazi wengine tangu hapo. Usiandike chuo ambacho ukichaguliwa utalia. Nafasi ya nne na ya tano si pa kutupia takataka, kwa sababu mtu anaweza kuamka siku moja akaambiwa ndiko anakokwenda kuishi miaka mitatu. Kila chuo ulichokiandika ukitazame kama ndicho pekee, ukiona tumbo limekaza, kifute. Uhasibu ukafutwa kwa kanuni hiyo. Cha tatu akaweka chuo cha usindikaji wa samaki, ambacho mwalimu alikuwa amenitajia. Cha nne uuguzi ule wa mbali. Cha tano alifikiri sana, foleni ikaanza kunung'unika, nami nikaigeukia foleni ikanyamaza. Akaweka misitu. Akasema misitu ni mikoko pia, na mikoko anaijua kutoka kwa babu yake.

Nikamwomba yule mwanamke atusomee kutoka juu mpaka chini. Akasoma. Nikamwuliza mtoto kama iko ilivyo moyoni mwake, juu kabisa ndicho anachokitaka kabisa, na chini ndicho anachokitaka kidogo. Akasema ndiyo. Nikamwambia abonyeze yeye, si yule mwanamke wala si mimi. Akabonyeza. Tukapewa karatasi, nikaikunja nikaiweka kwenye kilemba.

Kungoja kulichukua wiki nyingi, na sitasema uongo kwamba kulikuwa kwepesi kwa kila mtu. Mtoto alipungua. Mwanangu kila akienda Nyamisati aliulizwa na watu habari ya nguo nyeupe, akageuza mazungumzo yakawa ya bei ya kaa. Mimi nililala usingizi wangu wote. Tulikuwa tumesema tunachokitaka, kwa mpangilio wake, mahali pake, kwa namna wanavyotaka wenyewe. Sikuona kingine cha kufanya zaidi ya dua, na dua nilifanya.

Majina yalitoka siku ambayo mwanangu alikuwa amepeleka mzigo Nyamisati, ambako mtandao unashika. Hakupiga simu. Nilimwona anashuka kwenye boti kwa mwendo wa mtu mwenye habari, ila ameuzuia uso. Mtoto alikuwa mlangoni, hakusogea. Nikamwuliza mwanangu, wapi.

"Cha kwanza," akasema.

Mtoto alikaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa khanga. Nikamwacha hapo. Mwanangu akanipa simu niyaone maandishi, nami na macho yangu mapya, miwani ya Kibiti, nikayaona, jina lake na chuo chake. Nikamrudishia.

Kisha akakohoa, akasema kuna jambo. Watu wa Nyamisati walikuwa wamemzunguka wakimpongeza, wakamwuliza nani alikuwa na akili ya kumpeleka mtoto kwenye mambo ya kaa, badala ya kufuata mkumbo. Akawaambia ni yeye. Akasema ilimtoka tu.

 Mjukuu wangu naye alikuwa ametoa uso kwenye khanga, anatutazama sote wawili kuona nitasema nini.

Hilo nikamwachia. Fomu ya kujiunga ilikuwa imekuja kwenye simu hiyo hiyo na orodha ndefu, shuka, ndoo, viatu vya mpira vya kuingilia majini, na boti la Jumatatu halingoji mtu. Nikamwambia mwanangu alete sanduku lile la babu kutoka darini, na alifute vumbi kabla hajaliingiza ndani.